Mashine Ilikuwa Nzima

Skrini ilizimika kitanda kikiwa na miguu mitatu. Chiriku alikuwa anauchora wa nne, ule wa nyuma wenye nakshi, na kiganja chake kilikuwa bado kwenye kipanya pale rangi zote zilipopotea, kukabaki maandishi madogo meupe yakisema hakuna ishara inayopokelewa. Chini ya meza feni zilizunguka vilevile. Taa za rangi nyekundu, buluu na zambarau ziliendelea kukimbizana ndani ya sanduku la kioo, utadhani zimelipwa kucheza msiba ukiwa ndani.

"Tena," alisema Chiriku.

Mama yake aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Hakuuliza tena nini. Tangu Jumamosi hilo ndilo lilikuwa neno la nyumba hiyo, na leo ilikuwa Jumatatu.

"Ulihifadhi?"

"Nilihifadhi kikiwa na miguu miwili."

"Basi umepoteza mguu mmoja. Mshukuru Mungu, kisha tuanze upya."

Ilikuwa kompyuta ya michezo. Mama Chiriku aliinunua kwenye ukumbi wa michezo uliofungwa, kwa pesa ya pikipiki ya marehemu mumewe, baada ya binti kumweleza mara tatu kwamba programu ya kuchorea samani inataka nguvu zilezile zinazotakiwa na michezo ya vita. Majirani waliona zile taa dirishani wakacheka wakashika mbavu. Wakasema mjane kanunua disko. Yeye aliwaacha. Miezi minne hiyo Chiriku alikuwa anachora makabati na meza kwa vibarua, na sasa kiwanda cha samani kilikuwa kimempa jaribio: michoro kumi na miwili, vitanda na makabati, ing'ae kama picha iliyopigwa. Akifaulu, barua ya ajira. Bosi wa samani alisema kwenye simu, sauti ikasikika chumba kizima: "Ijumaa saa kumi alasiri, binti. Saa kumi na dakika moja kiti anakalia mwingine. Wapo wengi hapa wenye digrii zao."

Chiriku hakuwa na digrii. Alikuwa na vidole.

"Usishike vitu viwili kwa pamoja," mama alimwambia binti alipopiga magoti kufungua ubavu wa mashine. "Cherehani ikiruka mishono, hubadili sindano na uzi na bobini kwa mkupuo. Ukibadili vyote ikashona, umejua nini? Hujajua kitu. Badili kimoja, jaribu. Rudisha, badili kingine."

Wakabadili kebo ya skrini. Giza. Wakaiondoa skrini, wakaunganisha televisheni yao ndogo. Ikaonyesha picha nusu saa, Chiriku akaanza kutabasamu, nayo ikafa vilevile. Basi skrini haikuwa na kosa. Akachomoa rami zote mbili, vile vipande vyembamba vya kumbukumbu, akavisugua meno ya shaba kwa kifutio cha penseli, akajaribu na moja, kisha na nyingine. Giza, kisha giza. Mwisho akang'oa kadi ya picha, lile pande zito lenye feni tatu, akachomeka kebo kwenye tundu dogo la nyuma.

Picha ikaja, ikakaa. Saa nzima ikakaa.

"Ni kadi," Chiriku alisema. "Bila kadi inafungua barua tu, haichori."

Hapo ndipo shemeji alipoingia, bila hodi kama kawaida yake. Alikuwa mdogo wa marehemu, anakaa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, na anauza maji ya kisima kwa ndoo. Alisimama mlangoni, funguo zikizunguka kidoleni.

"Disko limefungwa leo?"

"Karibu, shemeji," alisema Mama Chiriku, macho yake yakabaki kwenye nguo.

"Nilisema mimi. Pikipiki ya kaka yangu ingekuwa inanguruma mpaka sasa, inaleta chochote mezani. Mmeigeuza taa za harusi." Akaangalia vyuma mezani. "Mtoto wa kike na bisibisi! Haya. Mchango wa umeme umepanda mwezi huu, nimekuja kuwaambia. Disko linakula."

"Baba mdogo, pampu yako mpya ndiyo—"

"Chiriku," mama alikatiza. Shemeji akatabasamu, akatoka, na funguo zake zikasikika mpaka kwake.

Mama Chiriku aliuma uzi kwa meno. Kulikuwa na neno lililomjia, naye alimwomba Mungu alirudishe lilikotoka.

*

Fundi aliitwa Injinia, na duka lake lilikuwa na meza ya kioo na viti vya wateja. Jumatatu hiyohiyo alipokea mashine, akaitazama kwa ncha ya kalamu kama daktari asiyetaka kumgusa mgonjwa, akasema waje Alhamisi. Walipokuja Alhamisi asubuhi ilikuwa inawaka, picha safi.

"Kadi ilikuwa imekufa, mama yangu. Nimeichomelea upya, kiungo kimoja baada ya kingine. Kazi ya macho hiyo. Siku tatu mgongo unaniuma."

Alitaja bei. Ilikuwa sawa na malipo ya sare ishirini za wahudumu wa hospitali, kukata, kushona na kupiga kingo ovaloki. Mama Chiriku alilipa. Alisema "Mungu akubariki" na alimaanisha.

Nyumbani mashine haikuzimika. Ila ilitambaa. Chiriku alifungua mchoro wa kabati, akaugeuza upande, akangoja. Mlango wa kabati ulikuja kwanza, ukafuatwa na rafu moja, kisha programu ikasimama ikamwambia haina uwezo. Alijaribu tena. Akafungua ukurasa wa ndani unaotaja vifaa vya mashine, akasoma, akasoma tena.

"Mama. Jina la kadi si lile."

"Amesema ameichomelea."

"Ukimshonea mtu shati, mama, anabadilika jina?"

Walifungua ubavu. Mama Chiriku aliinama na taa. Kadi ilikuwa pale mahali pake, yenye feni moja badala ya tatu, ya zamani, na ilikuwa safi. Hilo ndilo lililomshtua kuliko idadi ya feni. Chumba kile hakikuwa na kitu safi. Kila siku ya Mungu mashine ya ovaloki ilitema manyoya ya kitambaa cha kijani hewani, yakatua kwenye vikombe, kwenye nywele, kwenye mkate. Mashine ile ililala humo miezi minne. Kitu chenye feni hakiwezi kukaa miezi minne chumbani kwake kikabaki safi.

Alisimama. Alichukua sare moja iliyokwisha kushonwa, akaitia kwenye mkoba, akajifunga mtandio.

"Beba mashine," alisema. "Tunarudi."

*

Dukani kulikuwa na wateja wanne viti vimejaa. Injinia aliwaona mlangoni, akaongeza sauti kwa wengine.

"Mrembo umerudi! Imekuchosha tena?"

"Kadi uliyotupa si yetu," alisema Chiriku. "Yetu ilikuwa na feni tatu."

"Sikiliza, mrembo. Kadi ikichomelewa huwa inabadilika tabia. Mambo haya yana shule yake, siyo kupaka kucha." Akawageukia wateja. "Watoto wa siku hizi, wakicheza mchezo mmoja wanajiona wametengeneza wao kompyuta."

Mteja mmoja alicheka. Chiriku alificha kucha zake ndani ya ngumi. Mama yake aliona. Yeye aliyetukanwa na wateja miaka kumi kwa nguo fupi na nguo ndefu, kwa vifungo na kola, hakuwahi kusikia tusi likimwingia kama lile la kucha.

Mama Chiriku alimpa Injinia kisogo. Alikuwa anatazama kwenye kioo cha mbele, pale ilipowekwa mashine ya kuuza, taa zinawaka, karatasi ya bei imebandikwa. Aliisogelea akavaa miwani. Feni tatu. Na katikati ya feni, kwenye mapezi ya chuma, utando mwembamba wa kijani.

"Zima hii," alisema.

"Mama, hiyo ni bidhaa."

"Zima, mwanangu. Nione vumbi lake."

"Vumbi ni vumbi, mama yangu. Hata kwako lipo, hata ikulu lipo."

"Vumbi ni vumbi," alikubali. "Lakini uzi ni uzi. Una kibanio? Kile cha kung'olea nyusi, au chochote."

Mteja mmoja, mzee mwenye kompyuta ya mapajani iliyofungwa kwa kamba, alisema, "Mzimie tu, fundi, tuone." Injinia akazima, akampa kibanio, huku akicheka peke yake. Mama Chiriku aliingiza kibanio katikati ya mapezi akavuta polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto. Ulitoka uzi mrefu kama kidole, umeviringika. Akaulaza juu ya meza ya kioo. Kisha akatoa sare mkobani, akaigeuza ndani nje, akaiweka kando yake.

"Mwezi uliopita rola moja ya uzi wa kijani iliniishia katikati ya kazi," alisema. Hakupandisha sauti. "Sikuwa na pesa ya nyingine. Nikapachika ya rangi ya chungwa kwenye ovaloki, pamoja na za kijani zilizosalia, ndani ya nguo, nikasema nani atageuza sare ya hospitali kutazama mshono. Tazameni. Kijani, chungwa. Na huu hapa umetoka kwenye bidhaa yake. Kijani, chungwa. Sasa nionyesheni katika mji huu mjinga mwingine aliyeshona sare kwa nyuzi mbili za rangi hizo."

Mzee wa kamba aliinuka, akaja kutazama, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Na yangu je, fundi?" aliuliza. "Mimi sina uzi ndani. Nitajuaje?"

"Zimechanganyika tu!" Injinia alisema. "Kazi nyingi, mama, vitu vinafanana. Ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya ikavaa na bei," alisema mwingine kwenye kiti, akanyoosha mkono kuomba simu yake irudishwe hivyohivyo mbovu.

Injinia alikwishachukua bisibisi. Alifungua skrubu kwa hasira, moja ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena. Mama Chiriku alisimama juu yake. Kadi ilipotoka na kurudi kwenye mashine yao, aliuliza neno moja ambalo Chiriku hakulitegemea.

"Hapa kwako ilizimika mara ngapi?"

"Nini?"

"Tulikuletea kwa sababu inazimika skrini. Siku tatu umekaa nayo. Ilizimika mara ngapi, na kadi hii yetu?"

"Haijazimika hata mara moja!" Injinia alifoka. "Ningeiweka pale mbele iuzwe kama inazimika? Mashine nzima hiyo, nzima kabisa, tangu—" Akasita, kachelewa.

"Sasa ulichomelea nini?" aliuliza mzee wa kamba.

Duka likaangua kicheko, na kicheko hicho kilimuumiza Injinia kuliko wizi. Alirudisha nusu ya pesa akaitupa juu ya kioo. Nusu nyingine, alisema, amenunulia risasi ya kuchomelea.

"Risasi ya kuchomelea kitu kizima," alisema Mama Chiriku, akaokota noti zake moja moja. "Baraka niliyokuombea asubuhi, fundi, nimeirudisha."

*

Ijumaa saa mbili asubuhi, baada ya kuchora usiku kucha, michoro minane ilikuwa tayari. Saa mbili na dakika ishirini skrini ikazimika.

Chiriku alilaza kichwa kwenye meza. "Alisema nzima. Mwizi yule anadanganya hata akisema kweli."

"La. Pale alisema kweli, ndiyo maana iliuma." Mama Chiriku alikuwa amekaa kitini, mikono mapajani, hashoni. "Cherehani ikishona vizuri kwa fundi na ikaruka nyumbani, huwa nachunguza meza, na mkanda, na mguu wa mkanyagaji. Mashine siigusi. Iwashe. Chora. Mimi nipo."

"Utafanya nini?"

"Nitatazama."

Alichukua chaki yake ya kuchorea nguo. Kila skrini ilipozimika alipiga mstari ukutani. Mstari wa kwanza, akachomoa ovaloki kwenye umeme akasema pengine ni hiyo. Mstari wa pili ukaja ovaloki ikiwa imelala. Akachomoa pasi, ambayo haikuwa hata ya moto. Mstari wa tatu. Sasa hakukuwa na kitu kingine chumbani kinachokula umeme isipokuwa kompyuta na taa moja iliyoning'inia katikati ya dari, na kwa kuwa ndiyo iliyobaki, aliitazama hiyo. Alikaa ameinua uso kama mtu anayeomba.

Taa ikanywea. Kidogo tu, ikawa ya njano kama chai, kisha ikarudi. Skrini ikafa.

Na nyuma ya ukuta, kitu ambacho masikio yake yalikizoea mpaka yakaacha kukisikia: ngurrr ya pampu ya shemeji, ikianza.

"Washa," alisema. Alikuwa amesimama.

Pampu ilinyamaza. Walichora dakika saba. Pampu ikanguruma, taa ikanywea, giza. Walingoja tena. Ngurrr. Giza. Mara ya kwanza waweza kusema ni bahati, ya pili ukashuku. Mara ya tatu Chiriku mwenyewe alihesabu kwa sauti tangu pampu ianze, na hakufika mbili.

"Pampu mpya," binti alinong'ona. "Aliifunga Jumamosi. Mama, umeme ukishuka, kadi ndiyo inakula zaidi ya vyote, inaanguka ya kwanza. Feni hazihitaji kitu. Ndiyo maana bila kadi haikuzimika. Ndiyo maana na ile kadi kuukuu ya Injinia haikuzimika."

Mama Chiriku alitoka nje. Umeme wao uliingia kwa dirisha, kwa waya mmoja mwembamba wa kijivu, tangu mwezi wa pili baada ya mazishi, siku shemeji alipoleta mafundi wakang'oa mita kwenye ukuta wao wakaipeleka kwake. Kwa usalama, alisema, mjane asihangaike na mambo ya umeme. Yeye alikuwa bado na macho ya kilio, akasema asante. Sasa aliufuata waya kwa kidole, juu ya ukuta, chini ya bati, mpaka nyuma ya nyumba ya shemeji, mpaka kwenye kibao cha soketi kilichopigwa misumari juu ya kisima. Hapo waya wake ulikuwa umepachikwa nyuma ya soketi ileile ya pampu. Haukuwa hata umefungwa vizuri. Ulisokotwa kwa mkono, kama unavyofunga mbuzi.

Kwa waya huo alikuwa akilipa mchango miaka mitatu.

*

Saa nane na dakika kumi michoro yote kumi na miwili ilikuwa imechorwa, kwa vipande, baina ya pampu na pampu. Ilibaki kuipika. Ndivyo Chiriku alivyoita kazi ya mwisho, mashine inapokaa peke yake ikitia mwanga, kivuli na mng'ao wa mbao. Ilitaka saa moja na nusu bila kukatika hata sekunde.

Kisimani kulikuwa na wanawake saba na ndoo zao. Shemeji alikuwa kwenye kiti cha plastiki, anapokea sarafu.

"Shemeji, nakuomba," alisema Mama Chiriku. "Pampu ipumzike mpaka saa kumi. Inashusha umeme, inazima mashine ya mtoto. Kazi yake ni leo saa kumi, isipofika ameikosa."

"Nizime pampu."

"Saa moja na nusu tu. Tangi lako limejaa, wachotee la tangi."

"Mwasikia?" Shemeji aliwageukia wanawake. "Nifunge maji ya watu, watoto wasiogeshwe, ili binti acheze michezo. Shemeji, huzuni imekupanda kichwani."

Mwanamke mmoja wa mbele, mwenye ndoo mbili za manjano, alidakia: "Tumesimama juani hapa, mama, tuache na disko lako!"

"Mita ile ni ya mume wangu," alisema Mama Chiriku.

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno hayo mbele ya watu, na shemeji akayasikia hivyo. Alisimama. Aliingia ndani kwa haraka, akatoka na bahasha, akatoa karatasi akaikung'uta hewani.

"Mita ina jina langu! Muhuri huu hapa, wa ofisi ya umeme. Tazameni wote. Huyu kila mwezi nampa umeme kwa huruma yangu, leo anasema wake. Haya, shika, tazama muhuri, kama unajua muhuri ni nini."

Shemeji alijua kuwa barua zote za nyumba ile husomwa na Chiriku. Hakujua kuwa ni kwa sababu ya macho mabovu ya mama tu. Mama Chiriku aliishika karatasi, akavaa miwani yake ya kutungia sindano. Shule aliishia la saba, na alisoma kama walivyomfundisha, kidole chini ya kila neno, midomo ikitembea. Muhuri ulikuwa juu. Hakukaa juu. Kidole kilishuka mstari kwa mstari, na shemeji alipoona kinakoelekea akanyoosha mkono.

"Inatosha, lete."

Mama Chiriku alirudi nyuma hatua moja, akasoma kwa sauti.

"'Mimi niliyetia sahihi hapa chini ni ndugu wa pekee wa marehemu. Marehemu… hakuacha… mke wala mtoto.'"

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo iliyokwisha kujaa, na hakuna aliyeyafunga.

"Ni maneno ya ofisi tu," alisema shemeji. "Ndivyo fomu zinavyojazwa. Unarahisisha."

Mama Chiriku alikwenda kwenye kibao cha soketi, akashika plagi ya pampu, akaichomoa. Ngurrr ikakatika. Akakaa chini, juu ya saruji yenye maji, mgongo ukiwa umeegemea kibao, plagi ameizungushia upindo wa gauni lake na kuibana mapajani.

"Inuka hapo!"

"Nitainuka saa kumi."

"Nitakuinua mimi!"

"Niinue, shemeji. Mbele ya hawa. Mshike mapajani mke ambaye kaka yako hakumwacha."

Shemeji alipiga hatua mbili, mkono juu. Mwanamke wa ndoo za manjano, yule aliyemtukana, alikuwa njiani. Alichukua ndoo moja iliyokuwa tupu, akaigeuza kichwa chini miguu juu kando ya Mama Chiriku, akaikalia, akajitandaza.

"Mimi nimechoka kusimama," alisema. "Nimefiwa mwaka jana. Hebu kaka, na mimi niandikie fomu."

Wa pili akageuza ndoo yake. Wengine wawili walibeba maji yao wakaondoka wakisonya, maana kiu haingoji haki ya mtu. Watatu walibaki, wakaanza kuulizana kwa sauti kubwa, bila kumtazama shemeji, kuhusu mtu anayeweza kumfuta mkewe kaka yake kwa kalamu kisha kila mwezi akamdai mchango. Shemeji alirudi kwenye kiti chake. Akakaa. Akainuka. Akaingia ndani, akatoka, akasema ataita wazee, akaita kwenye simu, wazee hawakupokea. Jua lilihama kutoka magoti ya Mama Chiriku likapanda kifuani. Maji ya saruji yalipenya gauni lake mpaka akahisi baridi ya mifupa, na humo ndani, katikati ya baridi ile, ilikuwapo hasira aliyokuwa akiirudisha kwa Mungu miaka mitatu. Mungu, ilionekana, alikuwa amemtunzia yote.

Saa kumi kasoro dakika sita Chiriku alitokea pembeni ya ukuta, mbio, viatu hana.

"Imekwenda! Yote kumi na miwili!" Alikuwa na simu mkononi. "Kajibu. Mama, kajibu: 'Imefika. Jumatatu saa mbili uje uchukue barua.'"

Kisha akaona mama yake yuko wapi, na wale wanawake juu ya ndoo, na uso wa baba yake mdogo.

Mama Chiriku aliinuka kwa shida, mwenye ndoo za manjano akimshika kwapa. Alifungua upindo wa gauni, akaitoa plagi, akaifuta maji kwa mtandio wake, meno yake yote matatu, akampa shemeji mkononi.

"Haya, mmefanikiwa," alisema shemeji, sauti chini sasa, ile ya mtu anayetaka mambo yaishe kindugu. "Yamekwisha, shemeji. Nipe na karatasi yangu."

Mama Chiriku alikwishaikunja mara nne na kuitia kifuani.

"Plagi ni yako, nimekupa," alisema. "Hii inasema mimi sipo. Jumatatu naipeleka mwenyewe ofisi ya umeme, wakanione."